Sentimita Kumi na Moja za Verna Hartwich

Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla mbwa hawajalishwa na kabla redio haijaanza kusoma bei za ng'ombe mnadani, Verna Hartwich huenda kisimani kupima maji. Hubeba mkanda wa chuma wenye kikombe kidogo cha shaba mwishoni, huuteremsha polepole ndani ya bomba, na kutega sikio. Kikombe kikigusa maji hulia tubwi. Hapo huukamata mkanda kwa vidole viwili pale unapokutana na mdomo wa bomba, husoma namba, huiandika katika daftari la shule, kisha huenda kuwalisha mbwa. Kazi hii aliirithi mwaka 1989 kutoka kwa mama mkwe wake, pamoja na seti ya vikombe vya chai na shaka ya kudumu juu ya mtu yeyote asemaye kwamba maji hayaishi. Tangu hapo amekosa Jumamosi mbili tu. Ya kwanza ni ile aliyomzika mumewe, Col. Ya pili alikuwa amelazwa hospitali katika mji wa Toowoomba kwa ajili ya goti, na hiyo bado anamdai daktari.

Siku moja kabla, Ijumaa alfajiri, huizima pampu. Kisima kilichotoka kuvutwa maji, husema, ni kama mtu aliyetoka kukimbia: ukimpima mapigo ya moyo papo hapo utamwandikia cheti cha kifo. Lazima kipumzike siku nzima, maji yapande mpaka pale yanapotaka yenyewe, ndipo upime. Ng'ombe wake hunywa yaliyomo tankini siku hiyo, nao wamezoea kama watu wa dini walivyozoea kufunga.

Mwaka 2008 Kampuni ilikuja Yarrabindi, mji wetu mdogo wa wafugaji, kutafuta gesi. Naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu yenyewe hujiandika hivyo, na mtu mzima ana haki ya kuchagua jina lake. Ilituletea kofia zilizoandikwa "Majirani Wema", ikawavalisha watoto wa shule jezi mpya za raga, ikatutengenezea bembea. Gesi yetu imelala chini, ndani ya makaa ya mawe, na kinachoishikilia huko ni maji. Ukiitaka gesi, sharti kwanza uyatoe maji. Jambo hili Kampuni ilitueleza vizuri sana, kwa picha za rangi, na katika ukurasa uleule ikatueleza kwamba kutoa maji hakutapunguza maji. Kisha ikatoboa. Sisi kisima ni cha maji. Cha gesi tunakiita tundu. Miaka mitatu haikwisha kabla matundu hayajawa mengi kuliko wapiga kura.

Kijito cha Mirrabilla kilipoanza kutoa mapovu kama sufuria ya viazi, afisa uhusiano wa Kampuni alikuja akachuchumaa ukingoni, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mapovu yale ni ya asili. Hatukubisha. Karibu kila kitu ni cha asili, hata pepopunda.

Ndipo likaanzishwa Kundi la Tubwi, familia kumi na moja zenye visima, katika ukumbi wa Chama cha Wanawake wa Mashambani, penye chai na skonzi. Kila familia ingepima kisima chake kila Jumamosi kama Verna, na Verna mwenyewe angewafundisha. Mimi nilifanywa katibu. Nilikuwa nimekuja Yarrabindi kufundisha jiografia kwa mwaka mmoja tu, na hiyo ilikuwa miaka mingi iliyopita. Nilikuwa na shahada, na katika mji ambao hata kasisi anajua kushusha injini ya trekta, shahada huhesabiwa kama kilema cha aina fulani. Watu hukuonea huruma, wakakupa kazi ya kukaa.

Niliyaingiza madaftari yote ya Verna katika kompyuta, nikachora mstari. Ulikuwa mstari mzuri. Ulinyooka tangu 1989, ukaanza kuinama baada ya 2008, na mwanzoni mwa 2011 ukaanguka ghafla karibu nusu mita, kama mtu aliyekosea ngazi gizani, kisha ukaendelea kuteremka taratibu. Pale ulipoanguka nilipazungushia duara jekundu, nikaandika pembeni: athari ya kwanza ya wazi. Niliufafanua mshuko ule mbele ya watu mara tatu, mara moja mbele ya mbunge aliyekuwa akipita kutafuta kura, na kila mara niliufafanua vizuri zaidi. Nilitaja tabaka za mawe. Nilitaja shinikizo. Verna alikaa mstari wa mbele akisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza habari za nchi za mbali.

Sheria ya jimbo letu inasema kwamba maji ya kisima yakishuka kupita mita tano kwa ajili ya uchimbaji wa gesi, mchimbaji atafunga na mwenye kisima mkataba wa kurejesha hali. Haisemi atarejesha maji. Hilo lingekuwa kutaka makuu. Atarejesha hali, yaani atachimba kisima kingine kirefu zaidi, mahali ambapo maji bado hayajapata habari. Na hakuna aliyeuhitaji mkataba ule kuliko Verna. Pampu yake inaning'inia mita thelathini na tisa chini, na chini ya hapo hakuna kisima tena, ni mwamba. Alikuwa na ng'ombe wekundu themanini na sita, uzao ambao yeye na Col waliuchagua dume kwa dume kwa miaka arobaini. Kisima kikikauka, ng'ombe watakwenda mnadani na Verna atakwenda Toowoomba, katika kijumba cha uani kwa mwanawe, ambako chumba kimeshaandaliwa: kapeti jipya, televisheni kubwa, na dirisha linalotazama ukuta.

Mwezi Juni 2019 maji yake yalikuwa yameshuka mita tano na sentimita thelathini na tano tangu Kampuni ilipofika. Tuliandika barua. Kampuni, kwa mshangao wetu, ilijibu kwamba itakuja ukumbini kutusikiliza. Siku moja kabla ya mkutano nilikwenda kwa Verna kupiga picha za kisima, ili mstari wangu uwe na sura ya kuusindikiza. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikaisogeza kamera karibu na bomba, na hapo nikaona mshono.

"Verna, huu mshono wa nini?"

"Upi?"

"Huu. Bomba limeungwa hapa."

"Aa, huo! Col huyo. Mwaka wa mafuriko kijito kilipanda mpaka hapa ulipo, akasema hataki vyura wazaliane kisimani. Akaunga kipande. Alilehemu huku mvua inanyesha, mjinga yule, nusura ajikaange."

"Mwaka wa mafuriko upi?"

"Kwani yako mangapi? Elfu mbili na kumi na moja, Januari. Mbona umenywea hivyo?"

Nilikuwa naliona duara langu jekundu. Nilikuwa naona tabaka za mawe na shinikizo. Mtoto wa darasa la nne, ukimwambia kwamba bomba limerefuka kwa juu, angekueleza kwa nini kisima kinaonekana kimezidi kina. Mimi nilihitaji shahada ili nisilione hilo kwa miaka minane.

Verna alinitazama, akautazama mshono, akauchukua mkanda na kupima kutoka mshono hadi mdomo wa bomba.

"Arobaini na sita," alisema. Kisha akakaa chini, juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Lo. Miaka minane yote napima mdomo wa Col."

"Verna..."

"Na alikuwa nao mrefu, Mungu amrehemu. Haya, wewe ndiye uliyesoma. Tano na thelathini na tano, toa arobaini na sita."

"Nne na themanini na tisa."

"Kwa hiyo bado kumi na moja kufika tano."

"Bado kumi na moja."

Mbwa alikuja akalala kivulini mwa tanki. Mbali kidogo, nyuma ya uzio, tundu la gesi la jirani lilikuwa likinguruma kama friji la zamani. Nilisema jambo ambalo sijivunii, na ambalo nimejaribu mara nyingi tangu siku ile kulikumbuka kwa namna inayoniheshimu zaidi.

"Hakuna anayejua habari za mshono."

"Wewe unajua. Mimi najua. Na huyu mbwa naye keshasikia, na hana siri hata moja."

"Wao wametudanganya mara ngapi?"

"Sijui. Mimi napima maji, siwapimi wao." Alijiinua kwa kushikilia goti. "Kesho nitawaambia. Na wewe kafute lile duara lako kabla halijanitia aibu."

Kampuni ilimtuma Brayden Osgood, afisa uhusiano, kijana nadhifu mwenye meno mengi, ambaye alituita "familia" tangu mlangoni. Alikuja na soseji. Kampuni haijawahi kufika Yarrabindi bila soseji. Nadhani kuna idara nzima inayoshughulikia jambo hilo. Watu walijaa mpaka ukutani, kila mmoja na sahani yake, kwa maana hasira ni hasira lakini chakula ni chakula. Brayden alikuwa anawasha mtambo wake wa picha pale Verna aliposimama.

"Kabla hujatuonyesha picha zako, mwanangu, ngoja kidogo. Nina la kusema, tena la kwangu mwenyewe."

Akasema. Alieleza mshono, mafuriko, vyura, sentimita arobaini na sita. Alisema namba iliyoandikwa katika barua si sahihi, kwamba kosa ni lake maana mkanda ni wake, na kwamba namba ya kweli ni nne na themanini na tisa. Hakunitaja. Nilikuwa nimesimama karibu na birika la chai, na ukumbi mzima ulikuwa umegeuka kunitazama bila yeye kunitaja.

Brayden alishika kifua kwa kiganja. "Bi Verna, kwa kweli sina maneno. Asante sana kwa uwazi wako. Uwazi ndio thamani ya kwanza ya Kampuni."

"Na ya pili?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Soseji!" mwingine akajibu, na ukumbi ukaangua kicheko, hata Brayden akacheka, kwa kuwa analipwa kwa hilo pia.

Wiki moja baadaye Verna alipokea barua iliyompongeza kwa uaminifu wake na kumjulisha kwamba, kwa kuwa kisima chake hakijafikia kiwango, Kampuni haina wajibu wowote kwake, isipokuwa wa kumtakia heri.

Lakini siku ileile ya mkutano, nje ya ukumbi, jirani yake alikuwa ameshamkamata Verna. Jina lake ni Keith Mulcahy, lakini tangu shule anaitwa Spana. Yeye mwenyewe ana matundu sita ya gesi shambani, alisaini mapema, na kwa sababu hiyo anaichukia Kampuni kuliko sisi wote.

"Verna wewe! Umepigwa na jua? Sentimita kumi na moja! Mimi nikipima mlango hukosea zaidi ya hapo."

"Ndiyo maana mlango wako haufungi, Spana."

"Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Huu wa Col umeponza ng'ombe themanini na sita!"

"Wewe ng'ombe wangu umewahesabu lini?"

"Kila siku wanapokula majani yangu."

Hapo ndipo mji wetu ulipoanza jambo ambalo sijui kama limewahi kufanyika mahali pengine: kuomba kisima kikauke. Sikusudii mzaha. Maji ya Verna yalibakiza sentimita kumi na moja yafike pabaya kisheria, na pabaya kisheria ndipo pazuri pekee palipokuwapo. Ubaoni katika baa, palipokuwa pakiandikwa matokeo ya raga, sasa paliandikwa kipimo cha Jumamosi. Dukani, wanawake walimsimamisha Verna katikati ya unga na sabuni.

"Vipi, shoga? Yameshuka?"

"Mbili."

"Mbili nzima? Hongera, jamani!"

Kasisi wa Kilutheri, ambaye kwa miaka mitatu ya ukame alikuwa amefululiza kuombea mvua, aliendewa na wazee wawili wa kanisa wakamwomba afikirie upya, angalau hadi Krismasi. Nilijaribu kuwaeleza kwamba mvua ya juu haifiki kwenye tabaka lile kwa umri wa mwanadamu, kwa hiyo hakuna haja ya kumwingiza Mungu katika mgongano wa maslahi. Walinisikiliza kwa adabu. Tangu habari ya duara jekundu, watu wa Yarrabindi hunisikiliza kwa adabu sana.

Yalishuka. Mwezi Agosti yalifika nne na tisini na moja, Oktoba nne na tisini na nne. Kila sentimita ilishangiliwa mjini, na shambani kila sentimita ilikuwa na sauti yake, kwa maana pampu ilianza kukohoa. Ilivuta maji kwa dakika arobaini, kisha ikavuta hewa, na bomba likatikisika na kutema mapovu katika birika la kunyweshea ng'ombe, yakinuka kidogo kama kibiriti kilichozimwa. Verna alijifunza kuizima kabla haijajiunguza, kungoja saa moja kisima kijaze pumzi, na kuiwasha tena. Mwezi Novemba akapunguza ng'ombe. Aliwachagua ishirini na watano, akawapakia mwenyewe katika lori, akiwaita kwa majina na kuwatukana kidogo ili mambo yasiwe mazito. Mwanawe alipiga simu kutoka Toowoomba kuuliza anapenda mapazia ya rangi gani.

"Nimemwambia rangi ya ng'ombe," alinieleza. "Akasema hawauzi."

Kampuni hupima kisima chenye mgogoro mara moja kwa mwaka, kupitia mhandisi wake, na kipimo cha mhandisi ndicho kinachohesabika. Vya Verna ni, kama barua ilivyosema, "mchango wa thamani wa jamii". Siku ilipangwa: Alhamisi, katikati ya Januari. Ukikosa hapo, ni mwaka mwingine, na ng'ombe waliobaki wasingeumaliza mwaka mwingine. Jumamosi ya kabla ya siku hiyo Verna alipima akapata nne na tisini na nane.

Spana alikuja jikoni kwa Verna akiwa amekwisha kulipanga jambo zima kichwani.

"Sikiliza, mama. Sentimita mbili. Wewe washa pampu Jumanne, usiizime. Ikikohoa, ngoja, washa tena. Alhamisi mhandisi akija atakuta maji yako chini huko karibu na Uchina. Na si uongo! Maji ni yako, ng'ombe ni wako, joto ni nyuzi arobaini na tatu. Nani atakulaumu kwa kuwanywesha?"

Nakiri kwamba nilikuwa upande wa Spana. Nilisema hayohayo, ila kwa sentensi ndefu zaidi: kwamba sheria haikutaja mapumziko ya pampu, kwamba Kampuni nayo huchagua siku zake, kwamba haki ya jumla wakati mwingine huhitaji hila ndogo. Verna alitumiminia chai.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

"Jumatano alfajiri nazima pampu. Kama Ijumaa zote."

Na Jumatano alfajiri akaizima. Saa mbili baadaye, saa mbili tu, gari jeupe la Kampuni likaingia uani likiwa limejaa vumbi. Aliteremka mwanamke mwembamba mwenye kofia pana, akajitambulisha kuwa ni Hanh Luong, mhandisi wa maji, kutoka Brisbane. Aliomba radhi: ratiba imebadilishwa ofisini, ametumwa siku moja mapema, je, wanaweza kupima sasa hivi?

Mimi na Spana tulikuwa tumesimama penye uzio. Tulitazamana, na sikumbuki kuwahi kumpenda Spana kiasi kile. Pampu ilikuwa imefanya kazi usiku kucha, maana tangu lini ng'ombe wanalala katika joto lile? Kisima kilikuwa bado kinahema. Maji hayawezi kuwa yamepanda hata robo ya njia. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyepanga. Kampuni yenyewe, kwa ratiba yake yenyewe, ilikuwa imemletea Verna mkataba mlangoni, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza kwa dakika tano.

Hanh alikuwa amekwisha kufungua sanduku lake. Kifaa chake kilikuwa na waya wenye alama, unaolia pii ukigusa maji.

"Pampu nimeizima saa mbili zilizopita," Verna akasema.

Spana alitoa sauti kama tairi linalotobolewa.

"Sawa tu, Bi Verna. Fomu yetu inauliza kiwango cha siku ya kupima, basi. Haiulizi pampu."

"Fomu yenu haikijui kisima hiki. Kinahitaji siku moja. Rudi kesho saa hizi."

Hanh aliuweka waya chini, akaketi juu ya visigino. Alimtazama Verna, kisha akatutazama sisi, nadhani akatusoma wote wawili bila taabu. Akasema taratibu, kama mtu anayevuka mpaka wa kazi yake:

"Bi Verna, nimesoma faili lako. Nikipima sasa, shida yako imekwisha. Nikipima kesho, sijui itakuwaje."

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana tunapima."

"Verna, kwa jina la Mungu!" Spana akapiga kelele kutoka kwenye uzio. "Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake!"

"Wewe kafunge mlango wako," Verna akamjibu.

"Daftari lina miaka thelathini," Verna alimwambia Hanh, sasa kwa sauti ya chini zaidi. "Namba zote humo zimepumzika. Mara moja tu nilikosea, na unajua ilivyonigharimu. Nikiweka humu namba inayohema, zile nyingine zote zitaonekana kama zinahema."

Hanh alifunga sanduku. Alikwenda moteli ya mjini, na jioni, kwa habari nilizopata kutoka baa, watu wawili walimnunulia bia na mmoja akamwuliza kama anaweza kuurefusha waya wake kwa sentimita mbili. Alijibu kwamba aliombwa jambo hilohilo mara nyingi, na ofisi kuu, ila wao hutaka aufupishe. Sikuamini kwamba alisema hivyo. Lakini kila mtu aliyekuwapo anaapa.

Siku ile ilikuwa ndefu kwa ng'ombe. Tanki lilikuwa na maji ya kuwafikisha adhuhuri; baada ya hapo walisimama kando ya birika tupu, wote sitini na mmoja, wakiliangalia, na jua likiwaangalia wao. Kufikia Alhamisi asubuhi walikuwa wakilia kwa sauti moja. Nilipofika nilikuta uani magari ya Kundi zima la Tubwi na mengine ambayo hayakuwa ya Kundi. Watu walisimama mbali kidogo na kisima, kofia mikononi, kama wamekuja kuaga mwili.

Hanh aliteremsha waya wake. Haukulia haraka. Niliona midomo ya Spana ikienda, sijui kama ni sala au matusi. Kisha: pii. Hanh akaupandisha kidogo, akaushusha tena, akarudia mara tatu. Akaandika.

"Thelathini na sita, sitini na nane."

Kila mtu alinigeukia, kwa mara ya kwanza tangu Juni. Nilitoa kipimo cha 2008, thelathini na moja na ishirini, nikatoa kipande cha Col, nikahesabu kichwani, nikahesabu tena kwenye kiganja, nikaogopa, nikahesabu kwa mara ya tatu.

"Tano na sentimita mbili," nikasema.

Verna alichukua mkanda wake, akausogeza umati kwa bega, akateremsha kikombe. Ng'ombe walilia; akainua mkono kama anayenyamazisha darasa, akainamisha sikio mpaka shavu likagusa chuma. Tubwi. "Sitini na saba," akasema. "Kifaa chako kinazidisha moja." Akaandika yake.

Moja au mbili, zilitosha. Hanh alitia sahihi fomu yake, kisha, akiombwa, akatia sahihi katika daftari pia. Simu yake ikalia. Alisikiliza, akampa Verna.

"Bi Verna!" Sauti ya Brayden ilisikika kwetu sote. "Hongera sana! Tumefurahi mno kwamba umefikia kiwango!"

"Nimefikia?"

"Ndiyo! Mkataba utakufikia ndani ya wiki mbili. Ni siku kubwa kwa familia yetu nzima."

"Mwanangu, nimekaa hapa miaka hamsini. Unanipongeza kwa kupoteza maji?"

Kisha Brayden akasema kwamba, kwa mtazamo huo, anaelewa, na kwamba hisia za Bi Verna ni halali. Verna akamrudishia Hanh simu kabla hajamaliza kuelewa.

Wakati huo watu walikuwa wameanza kupiga makofi. Alianza Spana, machozi yakimtiririka waziwazi na matusi yakiendelea, kisha wote, mikono juu, kofia hewani, kama timu yetu imefunga dakika ya mwisho. Nami nilipiga. Nilipiga kwa nguvu, na nusu ya njia nikajisikia nikipiga, nikautazama uso wa Verna, nikapunguza, nikaogopa kuonekana nimepunguza, nikaendelea.

"Acheni," alisema. "Mnawatisha ng'ombe."

Akaenda kwenye swichi. Pampu ikakoroma, ikatema hewa, ikatema tena, bomba likatetemeka hadi kwenye maungio, kisha maji yakaja, mekundu ya kutu mwanzoni, halafu meupe. Ng'ombe walisukumana birikani, wakubwa mbele. Verna alisimama kando akiwagawa kwa fimbo na kwa majina, huyu nyuma, wewe njoo, wewe ulishakunywa. Zilipofika dakika thelathini na tano pampu ilianza kukohoa. Akaizima. Thelathini na wanane walikuwa wamekunywa. Ishirini na watatu waliobaki aliwasukuma kivulini, wakangoje kisima kijaze tena, na alipoulizwa na Hanh kama kuna la kumsaidia, alimpa fimbo akamwonyesha upande wa kusimama.